Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo: sheria ya kulinda punda imfikie na anayelipa kwa safari

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo na Maendeleo ya Mifugo,
Nairobi.

Assalaam alaykum, Mheshimiwa.

Nakuandikia kutoka Lamu kuhusu Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, ile ya kuzuia ukatili kwa wanyama. Ni sheria ya tangu mwanzo wa miaka ya 1960, na ukikisoma kifungu chake cha tatu utadhani kimeandikwa na mtu aliyeshinda kutwa bandarini kwetu akiwatazama punda. Kinataja kumpiga mnyama, kumtia mateke, kumtesa, kumbebesha mzigo kupita kiasi, kumnyima chakula na maji. Hakuna ovu tunaloliona hapa mjini ambalo halimo. Kisha inakuja adhabu: faini isiyozidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili.

Shilingi 3,000 leo hazinunui mifuko mitano ya saruji. Nataja saruji kwa sababu ndiyo inayowamaliza punda wetu, hiyo na mawe.

Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, na tangu hapo ujenzi na ukarabati haujapoa. Vichochoro vyetu havipitishi gari. Jiwe likichimbwa Maweni, ng'ambo kule kisiwa cha Manda, huvuka kwa mashua hadi ufukweni, na kutoka hapo hadi kwenye nyumba inayojengwa linapanda mgongoni mwa punda. Vivyo hivyo mchanga, mbao, nondo na matangi ya maji. Kila dari nzuri anayopiga picha mgeni ilipandishwa juu kwa miguu minne.

Punda wa huku ni mdogo. Wanaowajua wanyama hawa wanasema mzigo wa mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito wake, yaani kama kilo 50 kwa punda wa kilo 150. Mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50. Lakini hakuna punda anayebebeshwa mfuko mmoja, maana mzigo wa upande mmoja hupinduka. Inawekwa miwili, mmoja kulia na mmoja kushoto, na hivyo kila safari inaanzia kwenye kosa la jinai. Anayebeba maji mitungi minne ya lita 20 naye ana kilo 80 kabla ya kuhesabu mitungi yenyewe. Watu wanaona kawaida. "Punda afe, mzigo ufike" si msemo tu hapa kwetu, ndivyo kazi inavyopangwa.

Nenda, Mheshimiwa, saa ya kuteremsha mzigo, usimame karibu. Shogi, ile mifuko ya mzigo inayoning'inia pande mbili za mgongo, ikiondolewa, chini yake kuna gunia lililokunjwa kuwa tandiko, na gunia hilo mara nyingi limegandana na kidonda. Ukilivuta, linatoka na ngozi. Inabidi ulilowanishe maji, usubiri, ulibandue polepole. Chini ya mkia, pale inapopita kamba ya nailoni ya kuzuia mzigo usiteleze kwenda mbele, nyama imekatika mstari mzima. Wengine hupaka oili chafu ya injini kufukuza nzi, wakiamini wanatibu. Na punda hapigi kelele. Mbuzi akiumia mtaa mzima utajua, ila punda hunyamaza, hushusha masikio na kutembea, na ukimya wake huo ndio watu huuchukua kuwa hana maumivu.

Nilimuuliza kijana mmoja mwenye punda wa namna hiyo kwa nini hampumzishi. Hakukasirika. Akasema, "Mama, nikimpumzisha leo, kesho fundi ameshamwita mwingine." Analipwa kwa safari. Safari moja ina bei yake iwe ya mfuko mmoja au miwili, na anayeamua bei hiyo si yeye. Ni mkandarasi, au mwenye nyumba aliyempa mkandarasi hesabu na kumwambia ibane.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi wanaoipigania sheria hii, na naomba unisikilize vizuri. Ukiipandisha faini kutoka 3,000 hadi 300,000 na kuiacha ilivyo, watakaojazana mahakamani ni vijana wa aina hii. Watafungwa, punda atauzwa kwa mwingine, na ujenzi utaendelea asubuhi ileile. Sheria yetu inamtazama aliyeshika fimbo. Naomba imtazame pia anayelipa. Anayeajiri punda kubeba mzigo wa kibiashara awe na wajibu kisheria: mzigo usizidi kipimo, mnyama mwenye kidonda asifanye kazi, maji yawepo pale anaposhushia. Akikiuka, faini ilingane na kazi anayoijenga, iwe kitu atakachokihisi katika mahesabu yake. Na kwa mwenye punda maskini, hakimu aagize matibabu na mapumziko ya mnyama kabla ya kufikiria jela.

Bunge letu halikosi uwezo wa kuweka adhabu nzito. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo cha maisha, kwa makosa dhidi ya wanyama walio hatarini kutoweka. Sidai punda apewe bei ya tembo. Nasema tu kwamba tembo analetewa walinzi, na mnyama anayembebea Mkenya maji ya kunywa amebaki na shilingi 3,000 za enzi nyingine.

Na punda wanapungua. Sensa ya 2009 ilihesabu zaidi ya milioni 1.8, ile ya 2019 ikakuta milioni 1.17 hivi. Katikati hapo, mwaka 2016, yalifunguliwa machinjio ya punda, ngozi zikipelekwa China kutengenezea ejiao, dawa ya asili ya huko inayopatikana kwa kuchemsha ngozi ya punda. Utafiti wa KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, ulionyesha kuwa kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018 walichinjwa punda 301,977. Februari 2020 mmoja wa waliokutangulia katika kiti hicho, Peter Munya, aliupiga marufuku uchinjaji huo. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku yake. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliafikiana kuisimamisha biashara ya ngozi ya punda bara zima, na Kenya imo. Makubaliano hayo yaingizwe katika sheria iliyopitishwa na Bunge, yasibaki tangazo la waziri ambalo kesi moja inaliangusha. Punda wakiadimika bei yao hupanda, na asiyeweza kununua wa pili humbebesha yule mmoja kazi ya wawili.

Najua jibu moja litakalokuja: ustawi wa wanyama umegatuliwa. Ni kweli, Jedwali la Nne la Katiba linautaja miongoni mwa kazi za kaunti. Lakini jedwali hilohilo limeiacha sera ya tiba ya mifugo kwa serikali ya kitaifa, na Sura ya 360 ni sheria ya Bunge la Taifa, si ya kaunti. Kaunti haiwezi kubadilisha faini iliyoandikwa humo. Wizara yako inaweza kupeleka muswada. Inaweza pia kukubaliana na kaunti kuhusu wakaguzi: mtu mwenye kitambulisho na mizani, anayefika bandarini alfajiri mashua zinapofunga, mwenye mamlaka ya kusema punda huyu leo habebi. Kwetu kliniki ya hisani ya punda ipo tangu 1987, na wahudumu wake wameokoa wanyama wengi. Lakini daktari hutibu kidonda tu. Hana mamlaka ya kuondoa mfuko wa pili.

Sisi huku tumelelewa kwa hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Watoto wa chuoni, yaani madrasa, wanaijua. Kwa hiyo usiambiwe kwamba jambo hili ni la wazungu na watalii, au kwamba watu wa pwani wataipinga sheria.

Muswada ukiwa tayari, Katiba inataka wananchi washirikishwe. Naomba kikao cha Lamu kisifanywe hotelini saa nne asubuhi, kwa sababu saa hiyo wenye punda wako kazini na watakaokuja ni wakandarasi peke yao. Kiwekwe baada ya Alasiri, ufukweni, mizigo ikiwa imeshashuka. Mje na mizani.

Wako mwananchi,
Mkaazi wa Mkomani, Lamu.