Mwanga wa hadubini hauoni kila kitu

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu upasuaji wa mishipa ya ubongo niliisoma kwa furaha mpaka nilipofika aya ya mwisho. Hapo mwandishi anadai kwamba kwa ile rangi ya kijani anayodungwa mgonjwa, daktari sasa anaona kila kitu. Si kweli, na waliofanya utafiti wenyewe hawakusema hivyo. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Naomba nafasi kidogo.

Anurizimu ni sehemu ya mshipa wa damu iliyodhoofika ikatuna upande mmoja, kama tyubu ya baiskeli iliyochoka. Inakadiriwa kwamba watu 3 hivi katika kila 100 wanayo, na wengi wao watazeeka nayo bila kujua. Balaa ni pale inapopasuka. Njia mojawapo ya kuitibu ni kubana shingo ya uvimbe, pale unapoungana na mshipa, kwa klipu ndogo ya metali, jambo ambalo daktari wa upasuaji Walter Dandy alilifanya kule Baltimore, Marekani, mwaka 1937. Tangu hapo swali linalomsumbua daktari halijabadilika: klipu imekaa, sawa, lakini imefunga uvimbe wote? Na je, haikubana mshipa wa jirani usio na tatizo? Shingo ikibaki wazi, damu itaendelea kuingia. Mshipa wa jirani ukibanwa, mgonjwa anaamka mkono haunyanyuki.

Zamani jibu lilisubiri angiografia, yaani picha za eksirei za mishipa zinazopigwa baada ya kupitisha mpira mwembamba ndani ya mshipa na kudunga dawa, mara nyingi kichwa kikiwa kimeshashonwa. Mwaka 2003 Andreas Raabe, daktari wa upasuaji wa ubongo, wakati huo akiwa Frankfurt, Ujerumani, na wenzake wakachapisha njia ya kupata jibu mgonjwa akiwa bado mezani. Rangi yenyewe, indosianini ya kijani, haikuwa ngeni. Ilikuwa ikitumika kupima moyo na ini tangu miaka ya 1950. Kilichokuwa kipya ni kuitazama kwenye mishipa ya ubongo, fuvu likiwa wazi. Mwanzoni walitumia kamera ya pembeni, baadaye wakaiunganisha na hadubini.

Mtaalamu wa usingizi anadunga rangi mshipani, hadubini inahamishiwa kwenye mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, skrini inakuwa nyeusi na mazungumzo yanakatika. Sekunde chache tu, ateri, mishipa inayoleta damu kutoka moyoni, zinaanza kung'aa nyeupe, kisha mishipa inayorudisha damu. Uvimbe uliobanwa sawasawa unabaki mweusi. Ukiwaka, klipu inafunguliwa na kupangwa upya palepale, na rangi ikishapungua mwilini kipimo kinarudiwa.

Mwaka 2005 Raabe na wenzake wa Frankfurt na Phoenix, Marekani, akiwemo daktari wa upasuaji wa ubongo Robert Spetzler, walitoa matokeo ya upasuaji 187. Katika asilimia 9, picha ilimpa daktari habari muhimu, na mara nyingi klipu ikarekebishwa. Hawa si wanagenzi. Ni mabingwa wa kutajika, na wanaandika hadharani kwamba klipu waliyoiona imekaa vizuri haikuwa imekaa vizuri. Mimi hilo ndilo lililonivutia kuliko mashine yenyewe.

Halafu wakasema na upande wa pili, ule ambao mwandishi wenu ameuacha. Pale picha za rangi zilipolinganishwa na angiografia, zilikubaliana kwa asilimia 90. Sehemu kubwa ya zilizotofautiana ilikuwa mishipa iliyosinyaa kidogo bila kuzuia damu. Lakini wagonjwa watatu walikuwa na kasoro za maana ambazo rangi haikuzionyesha: mmoja mshipa wake ulikuwa umebanwa kiasi cha kupunguza damu, na wawili walikuwa wamebakiwa na shingo ya uvimbe. Sababu haina siri. Mwanga unaona kilicho mbele ya lenzi tu. Mshipa uliojificha nyuma ya klipu au chini ya damu iliyoganda haung'ai, na ukuta wa mshipa uliojaa chokaa nao unaficha mengi.

Kwa nini naling'ang'ania sentensi moja? Kwa sababu ndugu wa wagonjwa wanasoma magazeti. Nimeshaulizwa kwenye korido, na mtu aliyeshika bili mkononi: "Sista, kama rangi ilishaonyesha kila kitu, hii angiografia nyingine ya nini?" Familia iliyouza ng'ombe kumleta mgonjwa mjini ina haki ya kuuliza. Ila ikijibiwa na gazeti kwamba rangi imemaliza kazi, itamrudisha mgonjwa nyumbani bila kipimo, na ile shingo iliyobaki hakuna atakayejua kama ipo.

Wala sisemi rangi haifai. Ni ya haraka, haihitaji kupitisha mpira kwenye mshipa wa paja, na hospitali yenye hadubini inayoweza kuitumia ina bahati. Mwenye mzio wa madini ya joto, hata hivyo, aseme mapema, maana dawa hiyo inayo.

Naomba toleo lijalo lichapishe tarakimu hizo, hata kwa aya moja, na liseme wazi kwamba angiografia ya baada ya upasuaji haijafutwa.

Muuguzi wa chumba cha upasuaji,
Dar es Salaam