Kompyuta za ofisini ziwafae wanafunzi nyumbani

Mhariri,

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Tangu hapo ofisi zinaondoa kompyuta nzima kwa sababu tu hazikidhi masharti ya Windows 11, hasa zenye prosesa (ubongo wa kompyuta) za Intel za kabla ya kizazi cha 8. Mzazi anayetaka maabara ndogo ya kusomea nyumbani asizidharau, ila asinunue kwa kutazama kasha.

Aiwashe mashine palepale dukani na kuingia kwenye BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio ya mashine unaofunguliwa kabla ya Windows kuanza. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, aiache. Tarehe ikiwa ya miaka ya nyuma, betri ya CR2032, ile ndogo ya duara inayotunza saa ya mashine, imekwisha. Bei yake ni ndogo, lakini isipobadilishwa tovuti nyingi zitagoma kufunguka kwa sababu ya tarehe hiyo mbaya. Kisha atazame nyuma. Baadhi ya pawasaplai (kifaa kinachoigawia mashine umeme) za zamani zina swichi nyekundu ya kuchagua volti 115 au 230. Ikibaki kwenye 115, umeme wetu wa volti 230 utaiunguza mara tu inapowashwa, na hasara hiyo huzuiwa kwa kuisogeza hadi 230 kwa ncha ya bisibisi tu.

Diski inunuliwe mpya. SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka) ya GB 240 huipa mashine ya 2014 kasi ya kuridhisha, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ikiwa GB 8. RAM ya aina ya DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, isilazimishwe. Skrini ziwe na tundu la waya la VGA au DisplayPort, kwani mashine nyingi za ofisini hazina HDMI.

Badala ya Windows, mfumo endeshi wa Linux Mint, toleo jepesi la Xfce, ni wa bure na unazitosha. Intaneti ya kila siku si lazima: mashine moja iwekwe programu ya Kolibri, yenye masomo na menyu za Kiswahili, pamoja na Kiwix, programu ya kusomea Wikipedia bila intaneti. Nyingine tatu zisome kutoka kwake kwa nyaya kupitia ruta ya zamani yenye matundu manne. Swichi tupu ya mtandao, kisanduku cha kuunganisha nyaya tu, haigawi anwani za mtandao kama ruta. Wengi hukwama hapo wakidhani waya ni mbovu.

Ombi langu ni kwa taasisi zinazouza kwa mnada. Kung'oa diski ili kulinda siri ni haki yenu. Lakini futeni nywila za BIOS, na acheni kishikilio cha diski pamoja na waya wake wa umeme. Kwenye Dell na HP nyingi ndogo, waya huo hutoka kwenye ubao mama na una kichwa cha pekee. Ukipotea, kuupata mwingine madukani ni kazi.

Msomaji wenu,
Morogoro