Risala ya Wanafunzi wa Jiolojia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Chuo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Ramani uliyoiona kwenye banda letu ni ya Marcellus, mwamba tope wenye umri wa miaka milioni 390 hivi, uliolala chini ya Pennsylvania, West Virginia na majimbo jirani huko Marekani. Tumeuchagua mwamba wa mbali kwa kuwa taasisi ya jiolojia ya West Virginia imeweka wazi vipimo vya visima vyake vya gesi, na mwanafunzi yeyote anaweza kuvipakua akajifunza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, gesi yetu ya Songo Songo, pwani ya Tanzania, iliyogunduliwa mwaka 1974, imo ndani ya mawe ya mchanga. Ya Marcellus imebaki katika tope lilelile lililoizalisha, kwenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Hivyo kazi ya kwanza ni kujua tope lenye mabaki mengi ya viumbe liko wapi na lina unene gani. Tope hilo hushika urani, madini yanayotoa mionzi, na kifaa kinachoteremshwa kisimani kikilifikia, mionzi ya gama hupanda ghafla. Tumeandika programu fupi kwa lugha ya kompyuta ya Python inayosoma vipimo hivyo na kutia alama mwanzo na mwisho wa tabaka. Kati ya kisima na kisima, kompyuta hukadiria unene kwa hesabu ya krigingi, iliyopewa jina la Danie Krige, mhandisi wa migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini. Ni fahari kwetu kwamba mizizi ya hesabu hii iko barani Afrika.

Krigingi hutupa pia ramani ya pili, ya mashaka: visima vikiwa vichache, makadirio ni dhaifu, nayo huonyesha hivyo bila kuficha. Kwetu hiyo ndiyo yenye thamani kubwa zaidi. Mwaka 2002 taasisi ya jiolojia ya Marekani, USGS, ilikadiria kuwa Marcellus ina futi za ujazo trilioni 2 za gesi ambayo haijagunduliwa na inayoweza kuvunwa; mwaka 2011 ikasema trilioni 84. Mwamba ni uleule. Vilivyoongezeka ni vipimo na mbinu za uchimbaji.

Tumechora pia mito na vijiji, kwa sababu kuupasua mwamba huu kwa shinikizo la maji ili gesi itoke hula maji mengi, na wanaoishi juu yake wana haki ya kuonekana kwenye ramani.

Mheshimiwa, kompyuta zetu ni chache na uwezo wake ni mdogo. Kompyuta huweza kukesha ikichora ramani moja. Tunaomba utusaidie kupata kompyuta zenye nguvu. Ombi letu kubwa zaidi ni utuombee kwa taasisi za serikali vipimo vya visima vya zamani vya pwani yetu ambavyo si siri tena, hata vikiwa kwenye karatasi. Tutaviingiza kwenye kompyuta wenyewe, na nakala tutazirudisha serikalini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.