Walimu Wenzangu, Mto Hauanzii Mtoni

Walimu wenzangu mnaosimamia vilabu vya mazingira,

Nimestaafu, na mstaafu kazi yake ni kuangalia. Majuzi nimeangalia watoto wa shule wakipanda miti kando ya mto. Hotuba zilichukua muda kuliko upandaji. Miche mingine ilifukiwa na viriba vyake vya plastiki, na viriba vilivyochanwa vikaishia majini. Miti yenyewe mikaratusi, mnywaji mkubwa wa maji, hatua tatu tu kutoka ukingoni! Picha zikapigwa, wageni wakaondoka. Mwalimu mmoja akaniambia kwa furaha kwamba watoto wamejifunza kutunza mto. Wamejifunza kupigwa picha.

Siwasemi kwa kuwa mimi nilikuwa bora. Zamani nilikuwa nikifundisha mzunguko wa maji, mishale ya chaki ubao mzima, na nje mvua inanyesha. Mtoto akauliza, "Mwalimu, maji ya mtaro wetu yanaishia wapi?" Nikamwambia akae, hilo halimo kwenye somo. Hadi leo naona haya. Bonde la mto ni eneo lote ambalo tone likianguka huteremkia mto ule ule: paa la darasa limo, choo kimo, barabara imo. Yule mtoto alikuwa ameshika somo kuliko mimi.

Wiki iliyofuata tukaufuata mtaro katikati ya manyunyu, na chupa mbili safi. Moja tuliijaza upande wa juu wa shule, kabla mtaro haujatufikia, nyingine upande wa chini, ukishatupita. Ya chini ilikuwa nyekundu kama tofali. Tope limetoka wapi? Uwanjani kwetu! Kila asubuhi tuliwaamuru watoto wafagie mpaka udongo ubaki mtupu, jani likichipua ling'olewe, tukaita usafi. Udongo usio na kifuniko mvua huupiga, huuvunja na kuubeba, kisha mtoni tope huziba nafasi za kati ya mawe ambamo samaki hutaga na wadudu hujificha. Tukaacha nyasi ziote. Mkuu wangu alinigombeza kwa uwanja mchafu, nami sikufyeka.

Mengine mnayajua, au mlipaswa kuyajua. Geuzeni mawe ya mtoni: kuna wadudu wachanga wasiovumilia uhaba wa oksijeni, na mkikuta funza wekundu peke yao, maji yana shida. Mbolea inayooshwa mashambani hulisha mwani, ule utando wa kijani majini. Mwani ukifa, bakteria wanaouozesha humaliza oksijeni. Pimeni maji mahali pale pale kila mwezi, mwandike tarehe. Mto ukifurika, kaeni shuleni. Penye kichocho mtoto asitie mguu.

Halafu kuna sisi wazima. Tunamfokea mtoto kwa karatasi moja ya peremende, na usiku mtu mwenye suti anafungulia bomba la maji taka kwenye kijito kile kile. Mtoto akiliona akauliza, msimnyamazishe kwa kuhofia wakubwa. Mwacheni aandike alichokiona, saa ngapi, rangi gani, harufu gani. Daftari lake linaweza kuwa kumbukumbu pekee ya mto huo.

Wanangu, nawapenda, ndiyo maana nagomba. Miche ya wageni iacheni kwanza. Tafuteni chupa mbili, msubiri mvua, muanze na uwanja wenu.

Mwalimu wenu wa zamani