Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa: kabla ya kugonga muhuri, uliza habari za paa

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUBOMOA MAPAA YA ASBESTO KATIKATI YA MAKAZI

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama hujanizidi, habari za kazi.

Naishi katika mtaa mmoja wa zamani hapa Dar es Salaam. Sitautaja, maana sitaki jirani yangu anyooshewe kidole. Mtu kanunua nyumba kuukuu, paa linavuja, masika yanakaribia, akaita mafundi. Nani asingefanya hivyo?

Walifika Jumamosi saa moja asubuhi: vijana wanne, nyundo mbili, mtaimbo na guta. Paa lenyewe lilikuwa la yale mabati mazito ya kijivu yenye mawimbi, ambayo kwa kweli si bati bali ni simenti iliyochanganywa na nyuzi za asbesto. Hawakufungua nati hata moja. Walipiga nyundo katikati, vipande vikadondoka chini, na kila kipande kilipotua kikafuka vumbi jeupe. Kaskazi ilikuwa inavuma, ikatuletea lote: kwenye kamba ya nguo, kwenye karai la mama wa vitumbua pale kona, kwenye uwanja ambako mabinti walikuwa wanacheza rede. Kijana mmoja alijifunga fulana puani, na nadhani ndiye aliyekuwa mtaalamu wao wa usalama. Jioni wakafagia kwa fagio la chelewa, kavu kabisa, vumbi likapanda upya.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Akaniambia kibali kipo, na kweli kipo, kina muhuri. Nilikisoma chote. Kinataja idadi ya vyumba, umbali kutoka kwenye mpaka wa kiwanja, mahali pa shimo la choo. Paa linaloondolewa halikutajwa popote.

Ndugu Mkurugenzi, ndilo jambo lililonifanya niandike. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtazama yule kijana juu ya paa na mwajiri wake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitazama taka, na vumbi na nyuzi za asbesto zimo katika orodha ya taka hatari ya Mkataba wa Basel, ambao nchi yetu ni mwanachama. Kuzisafirisha na kuzitupa kunataka kibali chake. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 4, inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi na salama. Lakini jirani wa upande wa pili wa ukuta, si mfanyakazi, si taka, haki yake ataidai kwa nani saa moja asubuhi ya Jumamosi? Mkaguzi hajui kama kuna kazi. Ofisi pekee inayoweza kujua kabla nyundo haijainuliwa ni yako, kwa sababu ndiko maombi ya kujenga na kubomoa yanakopita.

Nisieleweke vibaya. Paa la asbesto lililo zima, lisilokatwa wala kutobolewa, halimdhuru aliyelala chini yake kama watu wanavyodhani, na ningependa maofisa wako walitangaze hilo kabla mji mzima haujakimbilia ngazi. Hatari inaanza linapovunjwa. Nyuzi zinazoachiwa ni ndogo kiasi kwamba jicho halizioni, zinaingia hadi ndani ya pafu na kubaki humo. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani: ya mapafu, ya koo la sauti, ya ovari, na ile ya utando unaozunguka mapafu. Mara nyingi ugonjwa hujitokeza baada ya miaka 20, 30, hata 40. Ndiyo maana hakuna anayekuja ofisini kwako leo akikohoa na kumtaja fundi.

Kwangu mimi, vumbi la siku moja pengine litapita. Wasiwasi wangu mkubwa ni kwa wale vijana wanne, ambao Jumamosi ifuatayo watakuwa juu ya paa lingine, na kwa anayewafulia nguo. Imethibitika kwamba wake wa wafanyakazi wa asbesto waliugua kwa kukung'uta na kufua nguo za waume zao tu.

Tena kazi yenyewe ikifanywa vizuri haina maajabu. Paa linaloweshwa kwanza kwa maji yenye sabuni kidogo, kwa bomba la mgongoni kama lile la kupulizia dawa shambani, si kwa maji ya kasi. Nati zinafunguliwa au kukatwa, shiti inashushwa nzima kwa mikono au kwa kamba. Hakuna msumeno wa umeme, hakuna fagio kavu. Kila shiti inafungwa kwa nailoni nzito, tabaka mbili, na kuandikwa ni nini. Barakoa ya kitambaa, au hizi zilizotubakia tangu Korona, hazizuii nyuzi hizo. Inatakiwa yenye kichujio maalumu. Ovaroli haiendi nyumbani.

Na sisi majirani? Tunataka kuambiwa tu. Karatasi moja kwa mjumbe wa shina, siku saba kabla: nyumba ipi, siku gani, nani msimamizi, namba ya simu. Tutaanua nguo, tutafunga madirisha, mama wa vitumbua atahamia kona nyingine, watoto watapelekwa kwa bibi yao. Mfereji wa mvua tutauchomoa kwenye simtanki, ingawa kwa maji hofu ni ndogo kuliko kwa pumzi. Uingereza, waliopiga marufuku asbesto kabisa mwaka 1999, wanataka kazi za hatari zaidi zitolewe taarifa serikalini siku 14 kabla. Mimi naomba nusu yake.

Kwa hiyo ongeza swali moja kwenye fomu ya maombi: paa la sasa ni la nini? Jibu likiwa asbesto, au mwombaji hajui, afisa mazingira aende akatazame kabla ya muhuri, na masharti ya namna ya kuliondoa na ya kuwaarifu majirani yaandikwe ndani ya kibali chenyewe. Sharti lililoandikwa, mwenyekiti wa mtaa anaweza kulisimamia. Leo akisimamisha kazi ataulizwa kwa mamlaka gani, na hana la kujibu.

Liko pia suala la vipande. Guta lilifanya safari mbili, sijui liliishia wapi. Dampo la Pugu Kinyamwezi ni la taka za kawaida, lina watu wanaochambua chupa na vyuma kwa mikono. Vilivyobaki vimejazia dimbwi la njia yetu, na pikipiki zinavisaga kila siku. Nusu shiti sasa ni ukuta wa banda la kuku. Halmashauri ikitenga eneo moja lenye kibali cha kupokea mashiti yaliyofungwa, kwa ada ambayo mwenye nyumba wa kawaida anaimudu, watu watayapeleka. Ikiwa ghali, yatatupwa mtoni usiku, na wewe unajua hivyo kuliko mimi.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu imeshashusha mabati mapya. Fundi anasema wanaanza Jumamosi. Nimezungumza na mwenye nyumba, naye yuko tayari kusubiri wiki moja kama kuna ofisa atakayekuja kumwelekeza.

Wako,
Mkazi wa mtaa