Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Sayansi Shuleni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa Bodi, walimu, wazazi na walezi wetu, wanafunzi wenzetu. Shikamooni.

Mheshimiwa, karibu sana shuleni kwetu hapa Dodoma. Ulipoingia getini umepita kando ya tenki jeupe la lita 1,000 tulilolikata juu, na pembeni yake kitanda cha kokoto chenye mchicha. Tunaomba tukueleze habari zake.

Ndani ya tenki mna sato. Pampu hupandisha maji yao hadi kwenye kokoto, mizizi ya mchicha inakula kilichomo, maji yanarudi kwa samaki. Udongo haupo, na mbolea ya dukani hatununui. Mfumo huu unaitwa akwaponiki, na kwa mkoa wetu ambao maji huhesabiwa kwa ndoo, kutumia maji yale yale wiki hadi wiki si jambo dogo.

Kabla ya tenki hili, mzunguko wa naitrojeni tuliujua kwa kukariri. Tuliuchora kwenye mtihani, tukapata vema. Kisha tukajaza maji na siku hiyo hiyo tukamwaga vifaranga 40 wa sato. Siku ya tano asubuhi tuliwakuta wanahema juu ya maji, vinywa wazi. Walibaki 9. Tulidhani ni ugonjwa. Mwalimu wetu wa kemia akachota maji kwenye testityubu, akadondosha kemikali, na maji yaliyopaswa kuwa ya njano yakawa kijani iliyokolea. Ilikuwa amonia. Samaki huitoa kupitia matamvua, na wetu walikuwa wanaogelea ndani ya sumu yao wenyewe.

Waliokosekana ni bakteria. Nitrosomonas hugeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo inaua samaki. Nitrospira huigeuza naitraiti kuwa naitreti, na hicho ndicho chakula cha mchicha. Bakteria hawa huchukua kama wiki nne hadi sita kuenea kwenye kokoto. Mwanasayansi Sergei Winogradsky alieleza kazi ya bakteria wa namna hii mwaka 1890, nasi kila Jumamosi tulikuwa tunawaosha kwa sabuni, tukidhani tunafanya usafi.

Mara ya pili tulisubiri. Tuliweka amonia kidogo kidogo bila samaki, tukapima kila jioni. Grafu iko ukutani maabara, tunaomba uipitie: amonia inapanda na kushuka, naitraiti inaifuata, kisha naitreti inapanda peke yake. Siku mistari miwili ya kwanza ilipogusa sifuri, darasa zima lilipiga makofi.

Tulijifunza pia kwamba bakteria hao wakifanya kazi, maji huzidi kuwa na asidi. Tunajitahidi pH, yaani kipimo cha asidi, ibaki karibu na 7, maana mboga hupenda chini kidogo na bakteria juu kidogo. Tunairudisha taratibu kwa maganda ya mayai yaliyosagwa, tunayokusanya jikoni.

Mheshimiwa, changamoto zipo. Umeme ukikatika, pampu inasimama na oksijeni inapungua. Wenzetu wa bweni huamka kwa zamu, hata saa nane usiku, wakachota maji kwa ndoo na kuyamimina kutoka juu ili yaingie hewa. Vilevile tuna boksi moja tu la vipimo kwa wanafunzi 120, na kemikali zake zinaelekea kuisha.

Tunaomba utusaidie kupata pampu ya sola yenye betri, na vipimo vya amonia, naitraiti, naitreti na pH vya kutosha kila kundi la wanafunzi wanne. Ikibidi kuchagua kimoja, Mheshimiwa, tunaomba vipimo. Ndoo tunazo na zamu ya usiku tumeizoea, lakini amonia haionekani kwa macho, na wale vifaranga 31 walikufa katika maji yaliyokuwa meupe kabisa.

Naomba kuwasilisha.