Hamri usinieleze, nalila kila asubuhi

Mhariri salaam,

Juzi nilinunua riwaya ya Kiswahili hapa Mombasa, ukurasa wa kwanza tu mtu yuwala mahamri na mbaazi halafu mwandishi anasimamisha hadithi mistari minne mizima kutueleza mahamri ni kitu gani, sasa mimi wa Kibokoni unanieleza hamri?? Nikajua hii haikuandikiwa mimi.

Sisi utotoni tulisoma vitabu vya Uingereza, watoto wanakula pudini na nyama, na mimi nikajua ni ile pudini yetu ya mayai ya Ramadhani, nikawaonea huruma kweli. Kumbe ni Yorkshire pudding, kitu cha unga kinachoumuka ndani ya ovena, hakina hata sukari! Lakini hadithi haikuharibika. Hata Chinua Achebe, yule mwandishi wa Nigeria, kwenye riwaya yake ya mwaka 1958 aliacha maneno ya Kiigbo kama chi na obi ndani ya Kiingereza chake na watu dunia nzima wakasoma tu.

Sikatai kuna vitu vinataka msaada kidogo, leso kwa mfano. Mke mwenza akipita kibarazani kajifunga leso jina linasomeka nyuma sisi tushajua vita vimeanza, mgeni ataona maua tu. Hapo basi mwandishi ayaandike yale maneno ya leso, jirani agune, yatosha. Mambo ya maelezo kwenye mabano aah, mimi huyaruka.

Msomaji, Kibokoni, Mombasa